Jinsi ya kusikiliza "The Call of Ktulu" ya Metallica mpaka mwisho: mwongozo kamili wa metali na okestra

Kila ninayemtumia kipande hiki cha Metallica, bendi ya Marekani ya metali, yaani roki nzito ya gitaa za umeme, ananirudishia jibu lilelile: "Nilisubiri aimbe, hakuimba, nikazima." Wengi wanaishia dakika ya pili, wachache ya nne. Mmoja alijikaza mpaka mwisho, akaniambia alichosikia ni gitaa zinazonguruma na fidla zilizomwagwa juu yake. Wote hawa wana masikio mazuri, na baadhi yao ni wapiga vyombo. Wameshindwa kwa sababu wameingia kwa mlango usio wake.

Mlango ni besi, gitaa la sauti ya chini. Ukiishika besi, dakika tisa zinapita bila kuangalia saa, na okestra inapoingia utajua imekuja kufanya kazi gani. Nimeupanga mwongozo huu katika hatua saba, za jioni mbili. Historia ya bendi nimeiacha nje, isipokuwa pale ambapo bila hiyo sikio halitajua linasikia nini.

## Vitu vya kuwa navyo

Rekodi. Tafuta hizi kwa jina la albamu na mwaka, maana zipo nakala nyingi za watu wengine wanaoiga:

- "The Call of Ktulu" kutoka *Ride the Lightning*, 1984. Karibu dakika 9.
- Kipande hichohicho kutoka *S&M*, 1999, Metallica wakiwa na San Francisco Symphony. Dakika 9 na nusu hivi.
- "Orion" kutoka *Master of Puppets*, 1986. Dakika 8 na nusu hivi.
- "(Anesthesia) Pulling Teeth" mara mbili: ya *Kill 'Em All*, 1983, na ya *S&M2*, 2020.

Hedifoni. Za waya, hata za bei ndogo, mradi zikae vizuri sikioni. Usitumie spika ya simu. Kipande hiki kinaizunguka noti ya D, na D ya chini ya besi inatikisika takriban mara 73 kwa sekunde. Spika iliyo ndogo kuliko kucha haiwezi kuisukuma hewa kwa kina hicho. Ukisikilizia kwenye simu tupu, mpigaji aliye muhimu kuliko wote unakuwa umemtoa nje ya chumba kabla hamjaanza.

Karatasi na kalamu. Utazihitaji katika hatua ya 2 na ya 5.

Bando. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja inakula megabaiti 2.4, kwa hiyo rekodi zote tano hazifiki megabaiti 100. Pakua kabla ya kuanza. Usishushe ubora hadi kilobiti 96 ili kuokoa bando, kwa sababu kitakachoharibika kwanza ni matoazi na fidla za juu. Vitageuka kuwa sauti ya maji yanayochemka, nawe utailaumu bendi.

Sauti ya wastani. Metali inamshawishi mtu kuongeza, na okestra inamshawishi zaidi, kwa kuwa sehemu zake tulivu ni tulivu kweli. Weka sauti pale ambapo kidonoo cha kwanza cha gitaa kinasikika bila kuhangaika, kisha usiiguse tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, ulizidisha.

## Hatua ya 1: Acha kumsubiri mwimbaji

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Neno "wimbo" limetoka kwenye kuimba, kwa hiyo tukisema "nakutumia wimbo" tumekwisha kuahidi sauti ya mtu. Hiki si wimbo. Ni kipande cha ala tupu, na katika mwongozo huu nitakiita hivyo.

Sikio la Mswahili si geni kwa jambo hili. Aliyehudhuria kikao cha taarabu asilia Zanzibar anaijua bashrafu: fidla, kanuni, nai na udi vinatangulia, na mwimbaji anakaa kimya zamu yake ifike. Aliyekulia kwenye dansi anajua kwamba sebene likifunguka, waimbaji wanarudi nyuma na ukumbi unabaki mikononi mwa gitaa. Hakuna anayetoka nje akilalamika kwamba hawaimbi.

Tofauti ni kwamba hapa hakuna atakayekuja baadaye. Kipande kizima ndicho ujumbe.

Hakuna la kusikiliza katika hatua hii. Soma tu jina. Limetoka kwenye hadithi ya H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha, iliyochapishwa mwaka 1928, kuhusu kiumbe kikubwa kilicholala chini ya bahari. Bendi ilibadilisha tahajia yake. Ibebe picha hiyo moja: kitu kizito kinapanda polepole kutoka kilindini. Inatosha.

Utajua umefaulu ukiweza kubonyeza ukiwa umetulia, bila kungoja maneno.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya rekodi ya 1984

Chora mstari mlalo kwenye karatasi, uugawe dakika 0 hadi 9. Bonyeza rekodi ya 1984. Kila unaposikia uzito umebadilika, ama umeongezeka ama umepungua, weka alama kwenye mstari. Usiandike maneno wala usitafute majina ya vyombo. Alama tu.

Sababu ni hii: muziki usio na ubeti na kiitikio haumpi msikilizaji pa kushika. Mkono ukiwa na kazi, akili haitangitangi, na alama zako ndizo zitakazokuwa beti za kipande hiki.

Kwa ujumla utakutana na haya. Gitaa safi, lisilo na mkwaruzo (ile sauti ya umeme iliyochafuliwa makusudi), linadonoa noti mojamoja, kama mtu anayejaribu kamba za jahazi gizani. Vyombo vingine vinaingia kidogokidogo. Kisha mkwaruzo unafunguka, gitaa mbili zinakuwa ukuta, na dramu inakanyaga. Kutoka katikati ya ukuta huo gitaa la solo la Kirk Hammett linapanda juu peke yake. Kuelekea mwisho kile kidonoo cha mwanzo kinarudi, halafu mapigo mazito ya kufungia.

Onyo: usifanye hatua hii ndani ya daladala au juu ya bodaboda. Injini ya gari inanguruma kwenye eneo lilelile la besi, na mwanzo tulivu utapotea wote.

Utajua umefaulu ukiwa na alama tano au zaidi, na ukaweza kuonyesha kwa kidole ni wapi kidonoo cha mwanzo kilirudi. Ukiwa na alama mbili tu, pumzika dakika kumi, rudia.

## Hatua ya 3: Mfuate mpiga besi peke yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowaangusha wote. Ipe muda.

Katika bendi nyingi za metali, kazi ya besi ni kukaa chini ya gitaa na kunenepesha noti zilezile. Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica wakati huo, hakupiga hivyo. Alikuwa kijana wa Castro Valley, California, aliyempenda Bach, mtunzi wa Kijerumani wa muziki wa kale, na aliichukulia besi kuwa sauti kamili yenye hoja zake. Aliitia mkwaruzo na pedali ya wawa, ile inayofanya noti ifunguke na kufunga kama mdomo, na mara nyingi ukimsikiliza kwa haraka unadhani ni gitaa la solo.

Rudia rekodi ya 1984 kuanzia mwanzo. Safari hii yaache magitaa. Hata yakikuita, usiende.

*Kwanza*, kidonoo kikishatulia, tega sikio chini yake. Itakuja sauti nene yenye mchangamchanga, isiyofuata kidonoo bali inayokijibu. Huyo ndiye Burton. Angalia anavyoingia: anasema kifungu, ananyamaza, anasema kingine kirefu kidogo. Mtu wa taarabu atautambua mwenendo huo mara moja, ni kama fidla inayomjibu mwimbaji baada ya kila mshororo.

*Pili*, mkwaruzo wa magitaa ukifunguka utampoteza. Kila mtu anampoteza hapo. Usirudishe nyuma. Endelea huku umelenga sehemu ya chini kabisa, karibu na teke la dramu kubwa, na baada ya muda atajitokeza tena. Kujifunza kumpata mtu ndani ya ukuta ndiyo shabaha ya zoezi hili.

*Tatu*, gitaa la solo likianza, kataa kulifuata. Baki na besi. Utagundua kwamba solo imesimama juu ya kitu kinachotembea.

Rudia mara mbili. Ndiyo, dakika kumi na nane. Ukimaliza utakuwa umeelewa jambo ambalo maelezo hayawezi kukupa: tangu mwaka 1984, vijana wanne ndani ya studio ya Sweet Silence huko Copenhagen walikuwa tayari wanafikiri kiokestra. Sauti ya chini ina maneno yake, sauti ya kati yake, ya juu yake, na uzito unaongezwa kwa ngazi. Fidla hazikuwapo, lakini viti vyake vilikwisha kupangwa.

Utajua umefaulu ukiweza kuguna, hata kwa makosa, kifungu kimoja cha besi cha mwanzoni bila rekodi kuwashwa.

Funga jioni ya kwanza hapa. Usiingie kwenye okestra siku hiyohiyo. Sikio lililochoka husikia okestra kama moshi.

## Hatua ya 4: Ingia kwenye rekodi ya 1999, kwa mapito matatu

Tarehe 21 na 22 Aprili 1999, Metallica walipiga na San Francisco Symphony kwenye ukumbi wa Berkeley Community Theatre. Aliyepanga muziki na kuiongoza okestra ni Michael Kamen, mpiga obo (ala ya kupuliza) aliyesoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, ambaye mwaka 1991 alikwisha kuiandikia bendi hiyo fidla za "Nothing Else Matters". Okestra ilifungua onyesho kwa "The Ecstasy of Gold" ya Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu wa Italia, kisha moja kwa moja "The Call of Ktulu". Kwa hiyo kwenye albamu kipande chetu ni cha pili.

Kabla ya kubonyeza, elewa kwa nini sikio letu hukwama hapa hasa. Katika taarabu ala nyingi zinashika mahadhi mamoja, na kila mpigaji anayapamba kwa namna yake. Okestra ya simfoni haifanyi hivyo. Fidla zinasema hili, selo lile, tarumbeta jingine kabisa, vyote kwa wakati mmoja. Msikilizaji anayetafuta mahadhi mamoja ndani ya msongamano huo anachoka haraka, na kuchoka huko ndiko anakokuita kelele. Dawa yake ni kusikiliza mara tatu, kila mara kundi moja.

Pito la kwanza: ala za shaba. Tarumbeta, tromboni na honi. Anza nazo kwa kuwa ndizo rahisi kuziona; zinang'aa juu ya mkwaruzo. Sikiliza zinavyoita kutoka mbali mwanzoni, na zinavyopiga pamoja na dramu bendi inapokuwa nzito.

Pito la pili: nyuzi. Fidla, viola, selo na besi za kusimama. Ni kazi ngumu zaidi, maana mkwaruzo wa gitaa na nyuzi za kati hukaa eneo moja na hugombania hewa. Zitafute kwanza mahali bendi ilipo tulivu, uzoee sauti zake, ndipo uzifuate kwenye uzito. Kuna mahali zitazama kabisa. Si kosa lako, na mimi nadhani hapo ndipo upungufu halisi wa rekodi hii ulipo: bendi ya umeme ina nguvu kuliko mbao na nyuzi, na mchanganyo haukuweza kulitibu hilo kila mahali.

Pito la tatu: besi tena. Sasa anapiga Jason Newsted. Burton hayupo. Alifariki tarehe 27 Septemba 1986 kwenye ajali ya basi la bendi nchini Sweden, akiwa na umri wa miaka 24. Nimeileta habari hii hapa kwa sababu inabadilisha unachosikia. Yale majibu yaliyokuwa ya mtu mmoja mwenye pedali mwaka 1984 sasa yamezungukwa na jeshi zima. Tega uone ni wapi shaba au nyuzi zinakaa katika nafasi ambayo Burton aliifungua.

Onyo: hii ni rekodi ya jukwaani. Kelele za watu zimo ndani. Ukizikuta zinakukera, zingatia kwamba watu hao nao hawangoji mwimbaji.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa sehemu tatu tofauti za kipande, ni kundi gani la okestra lililokuwa linaongoza. Ukikosea moja kati ya tatu, endelea. Zote tatu, rudia pito la kwanza.

## Hatua ya 5: Linganisha ramani mbili

Chora mstari wa pili chini ya ule wa 1984. Sikiliza rekodi ya 1999 mara moja, mfululizo, na weka alama za uzito kama ulivyofanya mwanzo.

Ziweke alama juu kwa chini. Utaona kwamba kwa sehemu kubwa zinaangukiana. Kamen hakubomoa nyumba, alipandisha dari. Mahali ambapo alama mpya zimejitokeza ndipo kazi yake ilipo, kwa hiyo rudi usikilize sekunde hizo tu.

Uchezaji huu ulipewa tuzo ya Grammy ya roki ya ala tupu mwaka 2001. Kamen alifariki mwaka 2003, mjini London.

## Hatua ya 6: Fuata ilikoelekea

Hapa unaweza kutembea kwa kasi yako. Tatu zinatosha.

"Orion" ya 1986 ni ndugu wa karibu, nayo ni ya ala tupu. Anza na besi, kama ulivyozoea. Katikati yake mwendo unabadilika na sehemu tulivu inafunguka. Hapo besi inaongoza waziwazi. Kipande hiki kilipigwa kwenye mazishi ya Burton. Kwa maoni yangu ni kizuri kuliko Ktulu, ila nisingemwanzishia mtu nacho, kwa kuwa uzuri wake unakuja taratibu mno kwa sikio lisiloandaliwa.

Ukitaka kuona mbegu ileile ikiota shamba jingine, tafuta "Hangar 18" ya Megadeth, bendi nyingine ya metali, ya 1990. Kiongozi wake, Dave Mustaine, aliondolewa Metallica mwaka 1983, lakini jina lake limo kati ya waandishi wanne wa Ktulu. Mpangilio wa kodi za mwanzo, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni wa ukoo mmoja. Ukiwa umefanya hatua ya 3 vizuri utautambua kabla hajaanza kuimba.

Cha tatu ni Apocalyptica wa Finland. Mwaka 1996 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Metallica kwa selo nne, bila gitaa, bila dramu, bila sauti. Sikiliza "Creeping Death" yao, kisha ile ya Metallica ya 1984. Wimbo uliokuwa na maneno umegeuzwa kipande, na haujapungua.

Utajua umefaulu ukimaliza mojawapo bila kukumbuka kwamba hakuna anayeimba.

## Ukikwama

*Unasikia ukuta tu, hakuna besi.* Angalia hedifoni. Kama hazikukaa vizuri sikioni, sauti ya chini inavuja. Zibonyeze taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka, tatizo lilikuwa hilo.

*Okestra inasikika mbali.* Zima kile kitufe cha "kuongeza besi" kwenye programu ya kuchezea muziki. Kinavimbisha dramu na kumeza selo.

*Unasinzia dakika ya tatu.* Umeanza usiku mno. Jaribu asubuhi.

## Hatua ya 7: Besi iliyorudi nyumbani

Sikiliza kwanza "(Anesthesia) Pulling Teeth" ya 1983. Sauti ya mtu wa studio inatangaza kwamba ni solo ya besi, jaribio la kwanza, kisha Burton anaanza peke yake. Dramu inakuja baadaye sana. Kwa mtu aliyefika hapa, dakika hizi nne na kidogo si fumbo tena. Ni ile sauti ya hatua ya 3, imepewa chumba kizima.

Burton alikubali kujiunga na Metallica kwa sharti kwamba bendi ihame Los Angeles, iende kwao, eneo la ghuba ya San Francisco. San Francisco Symphony ni okestra ya ghuba hiyohiyo.

Sasa fungua *S&M2*. Imerekodiwa Septemba 2019, kwenye ukumbi wa Chase Center, San Francisco. Mpiga besi mkuu wa okestra, Scott Pingel, anasimama na besi ya kusimama ya umeme, ndugu wa ile kubwa wanayoikumbatia wapigaji wa taarabu Zanzibar, na anapiga kipande cha Burton. Mkwaruzo upo. Wawa ipo. Mtu aliyesomea Bach darasani anampigia mtu aliyempenda Bach chumbani kwake.

Sikiliza umati. Mwanzoni wanatulia wakijiuliza ni nini, kisha wanakitambua.

Utajua umefaulu ukikitambua pamoja nao, au sekunde moja kabla yao. Ukifika hapo, rudi mwanzo wa albamu hiyohiyo. Baada ya Morricone kuna "The Call of Ktulu" ya tatu, ya 2019, besi ikiwa mikononi mwa Robert Trujillo. Chukua karatasi mpya, chora mstari, dakika 0 hadi 9.